Je, ukuta wa kijivu ndio ulionitia huzuni?

"Asalaam aleikum daktari. Nakaa Tudor, Mombasa, orofa ya pili, na mume wangu na mtoto wetu wa miezi minne na nusu. Arobaini ya mtoto ilipokaribia tulipaka sebule upya. Nilikuwa nimeona kwenye simu nyumba nzuri za kijivu, nami nikachagua kijivu kilichokolea. Kwenye simu kilipendeza, ukutani kikatoka kama bati, kibaridi, karibu na buluu. Tangu hapo sina raha. Nikikaa sebuleni moyo huwa mzito, nalia bila sababu, na usiku hata mtoto akilala mimi silali. Jirani amesoma kwamba kijivu huleta huzuni, nyekundu huleta ugomvi na buluu hutuliza. Fundi ataka shilingi 38,000 apake nyumba nzima buluu ya mbingu, na amana ya 5,000 nimeshamtumia. Mume wangu asema nipake tu nipumzike. Ila nina wasiwasi, maana hata nikitoka nje mambo ni yale yale. Juzi tulikwenda ufukweni Mama Ngina, bahari nikaiona imepauka. Hata kanga zangu naziona kama zimechuja. Rangi yaweza kumfanya mtu hivi? Na mtoto hatadhurika? Nipake rangi gani?"

Waleikum salaam dadangu, na hongera ya mtoto. Nianze na hofu yako kubwa: kijivu hakijakutia ugonjwa, wala hakijamdhuru mtoto. Ukuta huo una makosa yake, nami nitayaeleza, kwa sababu hukukosea ulipohisi kwamba sebule imebadilika. Lakini barua yako ina sentensi mbili umezitia karibu na mwisho, ya bahari na ya kanga, na kwangu mimi barua yenyewe ni hizo. Nitazirudia. Tafadhali usiishie kwenye habari za rangi ukaacha kusoma.

Tuanze na aliyoyasoma jirani yako. Fikra yenyewe ni kwamba kila rangi ni kama dawa yenye kazi yake: nyekundu hupandisha hasira, buluu hushusha, kijivu huzamisha moyo. Fikra hii ina mvuto na imepimwa mara nyingi. Kisa mashuhuri ni cha mwaka 1979 huko Seattle, Marekani, ambako vyumba vya mahabusu katika gereza la wanamaji vilipakwa rangi ya waridi ya aina moja maalumu, ikadaiwa kwamba wafungwa wakali walipoa kwa dakika chache tu. Habari zikaenea, magereza ya nchi nyingine yakaiga. Baadaye watafiti walirudia jaribio kwa uangalifu zaidi, wakilinganisha wafungwa wa vyumba vya waridi na wa vyumba vyeupe, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 hawakuona tofauti yoyote ya ukali. Habari ya kwanza ilikimbia mbio, masahihisho hayakuifikia, na hadi leo watu hununua rangi kwa imani hiyo.

Hebu tazama hapa kwetu. Kisutu anachovishwa bibi harusi ni chekundu, cheusi na cheupe. Kama nyekundu ingekuwa na ugomvi ndani yake, bibi zetu wasingemfunika binti yao nayo siku ile waliyomwombea mapenzi. Macho mekundu ni ya mtu aliyekasirika, na kisutu chekundu ni cha furaha, na rangi ni ile ile moja. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa watu 4,598 wa nchi 30, walioulizwa kila rangi inawakumbusha hisia gani. Nyekundu waliihusisha na mapenzi na pia na hasira. Mataifa yalifanana kwa mengi, na hilo tusilifiche, lakini lugha na mazingira viliongeza vyao.

Kuna utafiti mwingine wa watafiti hao hao ninaoupenda zaidi, kwa sababu unatugusa sisi watu wa jua. Waliuliza kama manjano ni rangi ya furaha. Nchini Finland karibu watu 88 kwa kila 100 waliihusisha na furaha. Nchini Misri hawakufika 6. Kadiri nchi inavyokuwa mbali na ikweta na yenye mvua nyingi, ndivyo watu wake wanavyoihusisha manjano na furaha, huenda kwa kuwa kwao jua ni mgeni. Wewe wa Mombasa unalijua jua la mwezi wa tatu, saa nane mchana, stima imepotea na feni imesimama. Wingu la kijivu likitanda kutoka baharini, watu hutoka nje kwenye veranda wakashukuru. Kijivu hicho hakimhuzunishi mtu, kimekuja na baridi yake.

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha hili. Kwa asili Kiswahili kina majina matatu tu ya rangi yanayofuata ngeli kama sifa nyingine: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi katika zilizobaki tumeziita kwa vitu: manjano ni bizari, zambarau ni tunda, kahawia ni ya buni, na kijivu kimetoka kwenye jivu. Kwa hivyo rangi hutufikia ikiwa na kitu chake mkononi. Kama kijivu kwako ni jivu la jikoni kwa nyanya yako siku za furaha, kitakwenda njia moja. Kama ni ukuta wa wodi uliyolala usiku mgumu, kitakwenda nyingine. Na wewe, dadangu, ukuta wako umeuona kwa mara ya kwanza katika wiki zipi? Hapo nakuomba ufikirie.

Sasa ukuta wenyewe. Umesema kwenye simu ulikuwa mzuri na nyumbani ukatoka kama bati. Hujafanyiwa ulaghai na fundi wala na duka. Mambo mawili yamekutana, na yote ni ya mwanga.

Kwanza ni balbu. Balbu nyingi za kubania umeme zinazouzwa mjini ni zile nyeupe kali, na ukisoma ubavuni mwa boksi utakuta 6500K, kipimo cha rangi ya mwanga. Mwanga huo una buluu nyingi. Kijivu hakina rangi yake ya kushikilia, hivyo hufuata mwanga unaokipiga: chini ya balbu ya 6500K huenda kwenye buluu, chini ya balbu ya manjano ya 2700K huenda kwenye udongo na mchanga. Simu nayo hung'aa yenyewe kutoka ndani. Ukuta haung'ai, wategemea kuazimwa.

Pili ni majirani wa ukuta. Karne mbili zilizopita, Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikukolea. Akazipima, akakuta rangi ni nzuri, tatizo ni nyuzi zilizokaa kando yake. Jicho halipimi rangi peke yake, hulinganisha na iliyo pembeni na kuisukuma upande wa pili. Kitabu chake alikitoa mwaka 1839 na wachoraji wamekitegemea tangu hapo. Hukuniambia viti vyako ni vya rangi gani, ila kama ni vya mbao nyekundu nyekundu au kitambaa cha maruni, kama sebule nyingi za huku, basi viti hivyo vinausukuma ukuta upande wa kijani na buluu. Jaribu leo. Sogeza kochi mbali, tandika shuka jeupe mahali pake, rudi mlangoni uangalie.

Lakini kosa kubwa zaidi la kijivu kilichokolea ni kwamba kinakula mwanga. Ukuta mweupe hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoupiga. Wako huenda haurudishi hata sehemu moja kwa tano. Na mwanga wa chumbani hauishi kwa kugonga mara moja, hudunda ukuta hadi ukuta, dari hadi sakafu, na kila ukidunda kwako unapungua. Nje, juani, mwanga waweza kufika luksi 100,000, luksi ikiwa ni kipimo cha wingi wa mwanga. Ndani ya sebule ya kawaida yenye dirisha moja lililotazamana na nyumba ya jirani, pazia limeshushwa, hazifiki hata 200. Sisi hatulioni pengo hilo kwa sababu jicho hujirekebisha, na baada ya dakika chache unaona ni sawa tu.

Mwili hauoni ni sawa. Nyuma ya jicho kuna seli za koni za aina tatu zinazotupa rangi, na seli nyingine zinazoona gizani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasayansi walithibitisha kwamba kuna kundi jingine dogo, ambalo halina habari ya sura wala picha. Kazi yake ni kupima ukubwa wa mwanga, hasa wa buluu, na kupeleka habari kwenye saa ya mwili ndani ya ubongo. Saa hiyo ndiyo inayoamua usingizi uje lini, na kuvurugika kwake huchafua hali ya moyo. Mchana ukikosa mwanga wa kutosha, na saa nane za usiku ukawasha balbu nyeupe kali kumnyonyesha mtoto, saa hiyo haijui iko wapi. Kama unatafuta njia ambayo ukuta wako umekugusa, ni hii. Ni njia ndogo, ni ya kweli, na haihitaji 38,000 kuirekebisha.

Sasa nirudi Mama Ngina.

Ukuta wa Tudor hauwezi kupausha bahari ya Mama Ngina. Pale una mwanga wote, una buluu yote ambayo mtu angeweza kuitaka, na bado uliiona imepauka. Na kanga zako ni zile zile. Kama buluu ingekuwa dawa, siku ile ungerudi umepona. Ndiyo maana sitaki utoe pesa zako kwa fundi kabla hujaonana na mhudumu wa afya.

Mtu aliyeingia katika sonona, yaani ile huzuni nzito inayokaa wiki baada ya wiki na kuondoa ladha ya vitu, mara nyingi husema maneno kama yako: dunia imechuja, chakula hakina ladha, kicheko kinasikika kutoka mbali. Zamani tulidhani ni tamathali tu. Mwaka 2010 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walipima umeme wa seli za nyuma ya jicho kwa watu wenye sonona, wakakuta mwitikio wao kwa tofauti ya cheusi na cheupe umepungua kuliko wa watu wengine. Hatutumii kipimo hicho kutambua ugonjwa kliniki, na mtu mmoja mmoja hutofautiana. Ila yakupasa ujue kwamba ulichokieleza hakikutoka hewani, wala hukosi shukrani kwa mtoto uliyepewa.

Angalia na kalenda. Ulipaka sebule karibu na arobaini. Katika siku arobaini una mama au shangazi ndani ya nyumba, unakandwa, unapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anapokewa usiku. Ikishapita arobaini, wageni huondoka na shughuli zote hurudi juu ya mama ambaye hajalala vizuri kwa mwezi mzima. Wiki hiyo hiyo ndiyo ukuta ulipobadilika. Akili ilitafuta kilichobadilika, ikaona kilicho mbele ya macho. Ningekuwa wewe ningefikiri hivyo hivyo.

Siwezi kukupima kupitia barua, na sitakuambia kwamba una sonona. Nakuambia kwamba dalili ulizozitaja, kulia bila sababu, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, na vitu kupoteza rangi, zikiwa zimedumu zaidi ya wiki mbili, zinataka kuangaliwa na mtu ana kwa ana. Ile huzuni nyepesi ya siku za kwanza huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yako imevuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupatwa na tatizo la akili baada ya kujifungua, na zaidi huwa sonona. Kwenye benchi la kliniki, basi, hauko peke yako.

Anzia pale pale kliniki unapompeleka mtoto. Usingoje tarehe ya matone ya vitamini A ya miezi sita, nenda wiki hii. Mwambie muuguzi kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, pamoja na habari za bahari, usiyalainishe. Ana maswali mafupi ya kukuuliza, na anaweza kukuelekeza Hospitali ya Rufaa ya Pwani au kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz. Omba pia upimwe damu, maana upungufu wa damu baada ya uzazi humchosha mtu na kumnyong'onyeza, na tezi ya shingo huweza kuyumba katika miezi hii na kuleta dalili zinazofanana na hizi. Tiba ipo. Kwa wengi ni mazungumzo na mshauri kwa wiki kadhaa, kwa wengine huongezwa dawa, na zipo zinazoweza kutumika huku unanyonyesha. Familia ikitaka kukusomea dua, isomwe. Kliniki na dua havizuiani.

Jambo moja halingoji wiki. Ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukisikia sauti, au ukakaa siku mbili bila usingizi na bila kuchoka, mwambie mumeo papo hapo na mwende hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo.

Kabla hatujaacha macho, fanya jaribio dogo. Kaa karibu na dirisha mchana, shika kifuniko chekundu cha chupa ya soda. Funika jicho la kulia kwa kiganja ukitazame, halafu funika la kushoto. Yakiwa sawa, vizuri. Kama jicho moja linakiona chekundu na jingine linakiona kama kimeoshwa, au moja linauma ukiligeuza, basi huenda ni neva ya jicho, na kliniki ya macho inataka kukuona ndani ya siku mbili tatu.

Mtoto sasa. Katika umri wa miezi minne anaanza kuziona rangi karibu kama sisi, na anachopenda kutazama kuliko ukuta wowote ni uso wako unapomnyonyesha. Kijivu hakimfanyi kitu. Kitakachoweza kumdhuru ni kazi yenyewe ya kupaka. Fundi akipiga msasa rangi za zamani zilizo chini, vumbi lake laweza kuwa na madini ya risasi, na risasi huumiza ubongo wa mtoto mchanga hata kwa kiasi kidogo. Sebule yako mmeshaipaka mwaka huu. Kama nyumba ni ya siku nyingi na palipigwa msasa, futa sakafu na madirisha kwa tambara bichi, usifagie kavu, na umtajie daktari wa mtoto. Siku yoyote ya kupaka tena, wewe na mtoto mwende kwa mama mpaka harufu iishe.

Kwa wiki hizi mbili tatu, kabla ya fundi, vuta pazia asubuhi mapema na uondoe chochote kilichoziba dirisha. Kaa hapo na mtoto kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, au bora zaidi tembea naye nje kabla jua halijawa kali. Badilisha balbu ya sebule iwe ya 2700K au 3000K, na kwa manyonyesho ya usiku weka taa ndogo ya manjano chini, karibu na sakafu. Gharama yake ni mia chache.

Halafu nunua kopo dogo la rangi na kipande cha plaibodi cha ukubwa wa trei, ukipake mara mbili. Kisimamishe mahali mbalimbali sebuleni, ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa zikiwaka. Usichague rangi dukani chini ya taa ya duka. Mimi ningeanza na nyeupe iliyochanganywa kidogo na rangi ya mchanga, na nisingepaka nyumba nzima. Dari, pamoja na ukuta mmoja unaotazamana na dirisha, vinatosha kuurudishia mwanga chumba, na kijivu kilichobaki kitapata joto kutoka kwao. Buluu ya mbingu si mbaya, kama unaipenda. Lakini iwe ni kwa sababu unaipenda. Mwaka 2018, kaunti ilipoagiza majengo ya Mji wa Kale na ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, watu wengi walinung'unika, na nilivyowaelewa hawakuwa na ugomvi na buluu. Walitaka waulizwe.

Fundi mwambie amana aikalie mpaka mwezi ujao, utamwita kwa kazi ndogo zaidi. Na ukishatoka kliniki, niandikie walichokuambia.